Kituo cha Utafiti wa Sheria ya Mabenki: Hodari kwa Benki Inayoanguka, Kizito kwa Mdhamini wa Kawaida

Ubora wa kituo cha utafiti wa sheria ya mabenki na fedha huonekana kwanza katika nyaraka ambazo watafiti wake wanaziweka mezani. Kituo ninachokitathmini hapa, ambacho ni kitengo kidogo ndani ya kitivo cha sheria cha chuo kikuu, kinasoma mikataba ya mikopo, nyaraka za matarajio za hatifungani (maelezo rasmi anayopewa mwekezaji kabla ya kununua), masharti ya kufungua akaunti na amri za wasimamizi wa mabenki, na ndipo hugeukia hukumu za mahakama. Kwa wakili anayeandaa mikataba ya mikopo kama mimi, mpangilio huo una thamani kubwa, kwa sababu mgogoro wa kifedha mara nyingi huwa umeshaamuliwa na kifungu ambacho hakuna aliyekisoma siku ya kutia saini.

Nguvu ya kituo niliiona vizuri zaidi katika semina iliyohusu kuanguka kwa Credit Suisse, benki kubwa ya Uswisi iliyochukuliwa na mshindani wake, UBS. Tarehe 19 Machi 2023, mamlaka ya usimamizi wa masoko ya fedha ya Uswisi iliamuru hatifungani za mtaji wa ziada za benki hiyo, yaani zile zinazoweza kufutwa benki ikiyumba, zenye jumla ya takriban faranga bilioni 16, zifutwe zote, ilhali wanahisa walipewa hisa za UBS zenye thamani ya takriban faranga bilioni 3. Kwa kuwa ilizoeleka kwamba mwanahisa hubeba hasara kabla ya mdai, baadhi ya waliohudhuria walikuja na hukumu yao tayari: wenye hatifungani wamedhulumiwa. Mhadhiri hakubishana nao. Aliuonyesha ukutani waraka wa matarajio, akatusomesha kwa zamu kifungu kinachotaja matukio yanayoruhusu thamani ifutwe, likiwemo la benki kupewa msaada wa pekee wa serikali, kisha akauliza ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba tukio hilo limetokea, na kwa sheria ipi. Kuanzia hapo tuliweza kutenganisha maswali mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa: mkataba uliruhusu nini, na msimamizi alikuwa na uwezo gani wa kisheria wa kuamuru. Sijapata somo bora kuliko hilo kuhusu namna ya kusoma hatifungani.

Umakini huo unaenea hadi kwenye historia. Mwanafunzi hakaririshwi tu kwamba makubaliano ya Basel ya mwaka 1988, ya wasimamizi wa mabenki wa nchi mbalimbali, yaliweka kiwango cha chini cha mtaji kuwa asilimia 8 ya mali zilizopimwa kwa hatari yake. Anarudishwa hadi tarehe 26 Juni 1974, siku ambayo benki ya Herstatt ya mjini Cologne ilifungwa baada ya saa za malipo za Ujerumani, wakati New York bado ilikuwa kazini. Waliokuwa wamekwisha kulipa marki zao hawakupata dola walizozitarajia, na kabla ya mwaka huo kwisha Kamati ya Basel, iliyokuja kuandaa makubaliano hayo, ilikuwa imeundwa. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini wanasheria wa fedha wanajali hata saa ambayo malipo yanahesabika kuwa yamekamilika.

Maktaba ni nzuri na watumishi wake ni wasikivu. Jarida la kituo huchelewa kutoka.

Kinachonisikitisha ni upande wa mtu wa kawaida. Chukua suala la mke anayeweka nyumba rehani ili kudhamini deni la mumewe. Mwaka 2001, katika shauri la Etridge, Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, lilieleza hatua ambazo benki inapaswa kuzichukua: mke aelezwe na wakili, ana kwa ana na bila mume kuwepo, maana na hatari ya anachokitia saini, na benki ipate uthibitisho wa wakili huyo kabla ya kutegemea dhamana. Kituo kinalifundisha shauri hili kama orodha ya mambo ya kutimiza ili dhamana ya benki isitenguliwe. Hilo ni sahihi kisheria, lakini sikusikia mtafiti yeyote akiuliza kama maelezo hayo hueleweka kweli kwa anayepewa, wala sikuona utafiti uliowahoji wadhamini wenyewe. Kituo chenye uwezo wa kuchambua hatifungani neno kwa neno kinaweza kabisa kufanya hivyo kwa fomu ya dhamana ya kurasa chache.

Sidhani kwamba kasoro hiyo inatokana na ufadhili wa mabenki peke yake, kwa kuwa kila chapisho linamtaja mfadhili wake ukurasa wa kwanza, jambo ninalolipongeza kwa dhati. Naona zaidi kwamba wazungumzaji wanaoalikwa ni mawakili wa mabenki karibu wote, na maswali ya utafiti huzaliwa katika mazungumzo yao. Mawakili wa wakopaji na maofisa wanaoshughulikia malalamiko ya wateja wangealikwa, mada zingebadilika zenyewe.

Kwa anayeshughulikia ufilisi wa mabenki, hatifungani au kanuni za mtaji, nakipendekeza kituo hiki bila kusita. Anayetaka kuandika tasnifu ya uzamivu kuhusu haki za mkopaji aulize mapema, kabla ya kulipa ada, ni nani atakayemsimamia na amewahi kuandika nini juu ya suala hilo.