Uzoefu wangu: dakika chache zilizofuta mnara wa binti yangu

Nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kuipa gemu hii nyota moja, basi. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, na hata sasa mkono hautulii. Jina lake silitaji. Kosa lenyewe nimelikuta kwenye gemu nyingine pia, na mzazi anayecheza gemu atalitambua bila kutajiwa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, na gemu nilianza kucheza kabla hata sijawaza kuzaa. Sichezi ili kuwafurahisha watoto, nacheza kwa sababu napenda. It Takes Two ya 2021 niliimaliza na baba yao, na Split Fiction ya 2025 tuko katikati, maana zote mbili hazichezeki peke yako na nafasi za kukaa pamoja watoto wakiwa wamelala ni chache. Astro Bot tuliicheza mimi na binti yangu mkubwa kwa kupokezana padi (kile kidude cha vitufe cha kushika mkononi), kila aliyekufa anamwachia mwenzake. Mdogo wake wa miaka minne naye ana Mario Kart 8 Deluxe, ambayo ina msaada wa usukani unaomzuia mtoto asitoke nje ya njia. Anashika padi, anapiga kelele, anafika mwisho wa mbio kama wenzake. Waliofikiria kitu kile walimfikiria mtoto wangu, na nawashukuru kwa dhati.

Sasa hii ya kisiwa. Watu wawili, skrini moja, mnaanzia ufukweni mikono mitupu, mnaokota mawe na magogo, mnajenga. Kilichotunasa ni kamba. Kuna mahali hupandi mpaka mwenzio aliye chini aivute kamba, na mnatakiwa kubonyeza kwa mapigo yaleyale. Mkipishana kidogo, mnaanguka wote. Siku ya kwanza tulianguka pengine mara ishirini, mpaka binti yangu akaanza kuhesabu kwa sauti: "Moja, mbili, vuta! Moja, mbili, vuta!" Tukapanda. Tangu hapo, hata tukisogeza kitanda ili kufagia, utamsikia, "Moja, mbili, vuta."

Kisha akaamua kujenga mnara wa taa. Mimi nilikuwa mchukuzi wake tu, natafuta mawe, namletea. Upande wa baharini alipanga mawe meupe, na upande wa nyuma meusi. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto: "Mama, boti zinatokea mbele tu." Ilituchukua wiki na wiki, nusu saa kila jioni baada ya kazi za shule. Juu kabisa aliweka taa, na usiku ukiingia kwenye gemu alikuwa anaacha kila kitu ili aione ikiwaka.

Jioni moja, si muda mrefu uliopita, yeye alikuwa anaoga na mimi nilikuwa chumba cha pili nakunja nguo. Mdogo wake akawasha mashine ya gemu. Hajui kusoma. Kwenye menyu ya gemu hii, neno la juu kabisa ni "Mchezo mpya". Neno "Endelea" liko chini yake. Ukibonyeza la juu, unatokea mstari mmoja wa maandishi madogo unaouliza kama una hakika, na alama tayari imekaa kwenye "Ndiyo". Mtoto wa miaka minne anabonyeza kitufe mfululizo, ndivyo wanavyocheza wote. Vibonyezo viwili tu, basi.

Aliniita kwa furaha: "Mama, njoo uone, nimeanza mwenyewe!" Nilipofika, dada yake alikuwa ameshasimama mlangoni na taulo, maji yanamdondoka. Kwenye skrini kulikuwa na ufukwe mtupu na mtu mmoja amevaa zile nguo za mwanzo. Binti yangu hakulia. Aliangalia, akaangalia tena, kisha akaniuliza taratibu, "Mama, mnara uko wapi?"

Nilijua mnara uko wapi. Gemu hii ina nafasi moja tu ya kusevu, yaani kuhifadhi mlipofikia. Moja! Inasevu yenyewe kila baada ya muda mfupi, juu ya faili lilelile. Nikakumbuka kwamba nalipia klaudi, ile hifadhi ya mtandaoni inayotunza nakala za sevu, kila mwezi kwa ajili ya siku kama hiyo, nikakimbilia kuangalia. Mashine ilikuwa imeshapakia sevu mpya juu ya ile ya zamani. Klaudi haina macho. Inaona faili jipya, inalichukua, la zamani linaondoka. Kama ningechomoa intaneti mapema pengine ningeliwahi, lakini nani anakunja nguo huku akiwaza kuchomoa intaneti?

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu, nikaeleza kila kitu, nikauliza kama kuna nakala yoyote upande wao. Baada ya siku kadhaa likaja jibu la mistari mitatu. Kwamba gemu ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Kwamba data iliyofutwa na mtumiaji hairejeshwi. Na mstari wa mwisho, ambao nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri: kwamba wanawashauri wazazi wawasimamie watoto wao wanapotumia bidhaa hiyo.

Damu ilinichemka. Mimi ndiye niliyekaa chini na mwanangu jioni baada ya jioni kubeba mawe ya mnara wake. Gemu imeandikwa kwenye jalada kwamba ni ya familia, imechorwa kwa rangi za watoto, muziki wa watoto, halafu mtoto akibonyeza kama mtoto naambiwa sikumsimamia! Nikawajibu. Mhudumu mwingine aliyenijibu hakugusa hata neno moja nililoandika. Alinitakia siku njema, akaniomba nimpe alama kwa huduma aliyonipa. Hapo ndipo niliposema nyota moja, na kama kungekuwa na sifuri ningeichukua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili lilishatatuliwa zamani, mimi mwenyewe nikiwa mtoto wa kupigania zamu ya kucheza. The Legend of Zelda ilipotoka kwenye katriji (kile kikasha cha gemu cha kuchomeka kwenye mashine) mwaka 1987, ndani yake kulikuwa na betri ndogo ya kutunza kumbukumbu, na nafasi tatu, kila moja na jina la mchezaji. Super Mario 64 ya 1996 ilikuwa na nne. Kaka anacheza ya kwake, dada ya kwake, hakuna anayemgusa mwenziwe. Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka 2016, na kila shamba unaloanzisha lina sevu yake. Mtu mmoja aliliona hilo! Sevu ni kitu kidogo mno ukilinganisha na gemu yenyewe, kwa hiyo wasiniambie habari za nafasi kwenye diski. Hakuna aliyekaa akaifikiria nyumba yenye watoto wawili na mashine moja, nami siwezi kuelewa unatengenezaje gemu ya familia bila kuifikiria nyumba hiyo.

Lakini lazima niseme na haya. Siku chache baada ya yote hayo, nilimkuta binti yangu amekaa na mdogo wake mbele ya kile kisiwa kitupu. Nilidhani ningekuta ugomvi, maana alikuwa hajamsemesha vizuri tangu siku ile. Nikasimama kwenye korido bila kuwaonyesha kwamba nipo. Walikuwa kwenye ile kamba. Mdogo hawezi mapigo, anabonyeza ovyo, wanaanguka, wanaanguka. Dada yake akamshika dole gumba, akaliweka juu ya kitufe, akawa analibonyeza yeye kwa kidole chake: moja, mbili, vuta. Wakafika juu. Yule mdogo alirukaruka mpaka padi ikamponyoka.

Basi nikapanda hadi nyota tatu. Halafu nne, kwa sababu katika gemu zote nilizocheza kwa miaka yote hii, chache sana zimewahi kuwakalisha watoto wangu hivyo, mabega yamegusana, mmoja anamngoja mwingine. Aliyebuni ile kamba anajua maana ya kucheza pamoja. Sina la kumtoa huyo.

Na ningeishia hapo kama si apdeti iliyokuja juzi. Nilikaa naisubiri ipakuliwe nikiwa na matumaini ya kweli, nikasema moyoni labda sikuwa mzazi pekee aliyelalamika, labda wametusikia. Nikafungua. Kofia mpya za kununua. Boti yenye rangi ya dhahabu, ya kununua. Menyu ni ileile, "Mchezo mpya" juu, "Endelea" chini, nafasi moja ya kusevu. Wamepata muda wa kushona kofia na hawakupata muda wa kuhamisha neno moja.

Kwa hiyo nyota mbili. Ukiwa na mtoto mmoja, inunue leo hii, hutajuta. Ukiwa na wawili, kwanza mfungulie kila mmoja profaili yake kwenye mashine, nyingi hutunza sevu za kila profaili peke yake, na kila baada ya siku chache nakili sevu kwenye flashi kama mashine yako inaruhusu. Mimi nimeshafanya hivyo, nimechelewa.

Binti yangu ameanza mnara mwingine. Huu una mawe meupe pande zote, maana siku hizi mdogo wake ana boti na huwa anatokea nyuma. Na juu ya mashine amebandika karatasi kwa gundi. Kwanza aliandika "USIBONYEZE YA JUU", akakumbuka kwamba mwenziwe hasomi, akaigeuza, akamchorea mnara.