Gololi za Manati: Ipi Ununue Ukitaka Kuiona Ikiruka

Anayenunua risasi za manati kwa kawaida huuliza ipi inapiga kwa nguvu. Ukitaka raha ya kuitazama ikitoka kwenye ngozi, ikipanda kidogo, ikiinama na kushuka juu ya kopo, uliza ukubwa, rangi na mwendo. Kubwa, nyeupe na ya polepole ndiyo ya kununua. Tumezipanga hivi kwa mtu wa Mwanza anayelenga umbali wa mita 15 hadi 20.

1. Gololi ya kioo ya milimita 16, nyeupe ya maziwa

Hii ndiyo chaguo letu bila kusita. Ni zile zile wanazochezea watoto, ila chagua zisizopitisha mwanga. Yenye ua ndani ni nzuri mkononi lakini ikiruka inapotea, kwa sababu mwanga unapita katikati yake badala ya kurudi machoni kwako. Gololi ya kipimo hiki ina gramu 5 na kidogo, kwa hiyo 100 kwenye mizani ya duka zinazidi nusu kilo kidogo. Panga 10 kando ya rula: zikifika sentimita 16 zinalingana vya kutosha. Tupa yenye ufa au iliyomeguka, maana itapasuka wakati usioutaka.

Uzito huo, kwa mpira wa kawaida, unalipatia jicho nafasi. Gololi inayokwenda mita 40 kwa sekunde inafika mita 20 kwa nusu sekunde na njiani inashuka mita 1.2 hivi. Mteremko huo ndio utamu wenyewe: unaiona ikiinama. Ukiipeleka kwa mita 60 kwa sekunde, inashuka nusu mita tu na inakwisha kabla hujaifurahia.

Ukikosa nyeupe, chukua yoyote uichovye kwenye rangi ya mafuta iliyozimuliwa. Rangi nzito hujikusanya upande mmoja na gololi inayumba. Angalia pia utakapolenga: mbele ya majani nyeupe inatosha, mbele ya mawe ya kijivu ya Mwanza nyeupe inafifia, hapo paka rangi ya chungwa.

2. Udongo wa mfinyanzi, milimita 14

Viringisha, kausha kivulini siku kadhaa (juani inapasuka), kisha paka chokaa. Ni nyepesi, kama gramu 3, kwa hiyo upepo unaisukuma na mwendo wake unakufa mapema. Faida yake ni kwamba ikigonga jiwe inasambaratika badala ya kurudi. Kwa mtu mwenye eneo la mawe tungeipandisha hadi namba moja.

3. Gololi za chuma za beringi

Gereji zina beringi chakavu, na za milimita 8 ndizo zinazopatikana kirahisi. Zinalingana kuliko zote na zinapiga pale pale. Kwa kutazama, hapana: ni ndogo, zina kasi, na unachoona ni mmweko mmoja jua likiwa mgongoni. Zikigonga mwamba zinarudi na nguvu ya kutoboa jicho.

4. Kokoto

Ni bure, na hakuna mbili zinazofanana. Kila moja inapinda kivyake, na hutajua kosa ni lako au la jiwe. Vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia nyavu hatuvipangi kabisa. Vina sumu, na havifai kuachwa ardhini wala ziwani.

Mpira na ngozi

Tyubu ya kisasa ya gari au pikipiki hujirudisha taratibu, kwa sababu nguvu nyingi inaishia kuwa joto ndani ya mpira. Kwa kazi hii si kasoro kubwa. Mpira wa njano wa hospitali, ule wa kufungia mkono, una kasi zaidi lakini jua linaupasua upesi. Upake poda na uuweke gizani. Funga kwa uzi wa nyavu, mizunguko 8 iliyokazwa, na kabla ya kila kikao kagua mpira unapopita kwenye panda na kwenye ngozi, kwani hapo ndipo unapoanza kukatika.

Mwambie fundi viatu akukatie ngozi laini ya sentimita 8 kwa 3, yenye tundu la milimita 4 katikati. Tundu linaishika gololi mahali pamoja kila mara. Ngozi ikipinda vidoleni, gololi inatoka ikizunguka ubavu na utaiona ikikata kona angani. Ukiona hivyo rekebisha mkono, mpira hauna kosa.

Mahali pa kusimama

Jioni jua linashukia ziwani, kwa hiyo lipe ziwa mgongo na ulenge bara. Mwanga unaipiga gololi kwa nyuma na inawaka rangi ya chungwa mpaka inapogonga. Upepo wa ziwa nao unakuwa mgongoni, hauisukumi pembeni. Kamwe usilenge majini, kuna mitumbwi na waogaji. Ndege waache, na Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, si pa manati.

Mtazamaji asimame nyuma ya bega la mpigaji. Kutoka hapo gololi inabaki karibu palepale machoni, inapungua tu ukubwa. Ukisimama ubavuni inakupita kama mstari. Simu yenye picha 240 kwa sekunde ikiwekwa hapo hapo nyuma itainasa kila sentimita 17 hivi.

Nyuma ya kopo tundika blanketi zito la rangi nyeusi, likining'inia bila kukazwa, na chini yake boksi la matambara. Mitumba ya soko la Mlango Mmoja inatosha. Blanketi linaua mwendo, gololi zinadondokea boksini, vipande vya kioo havibaki njiani wanapopita watu peku, na weusi wake unaifanya gololi ionekane zaidi. Vaa miwani ya plastiki ya fundi wa kukata vyuma, mpigaji na mtazamaji wote.

Bunduki ya upepo nayo huonyesha risasi yake kupitia darubini, hasa ya milimita 5.5. Kabla ya kulipa hata senti, ulizia kibali kituo cha polisi.