Utambi wa karabai: ukinunua, dai pakiti yake

Wasomaji wanalalamika kwamba utambi wa karabai (wengine huuita soksi) huchanika upesi na mwanga wake ni hafifu. Ni kweli, ila swali kubwa zaidi ni umetengenezwa kwa nini. Muuzaji akiutoa kwenye pakiti na kukupa mkononi mtupu, ameshakunyima jibu.

Tangu Carl Auer von Welsbach wa Austria alipoukamilisha mwaka 1891, utambi wa kawaida kwa miaka mingi umekuwa kitambaa kilichochovywa kwenye chumvi za madini mawili, thoriamu sehemu 99 na seriamu sehemu 1. Ukiuwasha, kitambaa huungua ukabaki wavu mweupe wa oksidi (madini hayo yakiwa yameungana na oksijeni), na wavu huo ndio unaong'aa. Thoriamu ina mionzi ya asili: katika gramu moja, atomu kama 4,000 hupasuka kila sekunde. Mionzi yake ya alfa haipenyi ngozi, kwa hiyo utambi mzima uliotulia ndani ya taa hatari yake ni ndogo. Vumbi lake likivutwa au kumezwa, hapo mapafu na utumbo havina kinga hiyo.

Sasa angalia mafundi wanavyoubadilisha. Uzi unakatwa kwa meno. Masalia ya utambi wa zamani yanapulizwa kwa mdomo, unga mweupe unarudi usoni. Kama utambi ulikuwa wa thoriamu, unga huo ndio oksidi ya thoriamu yenyewe.

Mimi nachagua Coleman bila kusita. Kampuni hiyo ya Marekani iliachana na thoriamu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikahamia itriamu isiyo na mionzi. Linganisha ukubwa kwanza: utambi mdogo kwenye karabai ya nguvu ya mishumaa 500 hupasuliwa na moto, na ukishatoboka ule mwali unalenga kioo mpaka kinapasuka. Inaudhi kwamba madukani ni adimu, na anayekuwa nao huupandishia bei kama kito.

Usipoupata, chukua wowote ambao pakiti yake imeandikwa Yttrium, yaani itriamu. Pakiti iliyokaa kimya si ushahidi wa usalama, na macho hayawezi kutofautisha. Kipima mionzi kikisogezwa karibu ndicho kinachojua. Za rejareja zisizo na pakiti, ziache.

Kwa wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria wanaovua kwa karabai, taa za LED za betri zinaondoa utambi na mafuta ya taa kwa pamoja.

Kama wa thoriamu umeshaununua, uzi ukate kwa mkasi. Mara ya kwanza uwashe nje, upepo ukikupiga kisogoni, kisha sogea mbali. Radiamu, madini mengine yenye mionzi yanayotokana na thoriamu inapopasuka na kujikusanya ndani yake, hupanda na moshi zaidi katika mwako huo wa kwanza, basi kamwe usiwashe ndani ya hema au jikoni. Ukivunjika, zima taa na uiache ipoe. Usipulize, usifagie. Pangusa unga kwa kitambaa kilicholowa maji, kitie pamoja na mabaki kwenye mfuko wa plastiki, ufunge kwa fundo, utupe mbali na watoto na kuku. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula au sigara.

Na dukani, muuzaji akisema pakiti imepotea, mrudishie utambi wake.