Stetasi ya WhatsApp: mwigo unaowafaa wauzaji wa Lamu

Stetasi ya WhatsApp, iliyoanza Februari 2017, ni mwigo wa wazi wa hadithi za saa 24, yaani picha na video fupi zinazotoweka baada ya siku moja, ambazo programu ya Snapchat iliziasisi mwaka 2013 na Instagram ikazichukua Agosti 2016. Heshima ya ubunifu, kwa haki, ni ya Snapchat. Hata hivyo, kwa biashara ndogo za Lamu naipa stetasi alama za juu kabisa, kwani mama anayepika mahamri mtaani Langoni hulipiga picha karai likiwa lingali motoni, akaandika bei chini yake, na majirani wakaagiza kabla chai haijachemka. Upungufu wake ni kwamba huonwa tu na waliohifadhiana namba, kwa hiyo mgeni aliyeshuka gatini leo hataiona.