Kiunganishi cha data za mazoezi: taa ya kijani, grafu tupu

Kiunganishi hiki ni programu-jalizi inayovuta data za saa yangu ya mazoezi na kuziingiza kwenye jukwaa la logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mifumo. Wiki ile ya kwanza ningewapa watengenezaji wake nyota zote tano bila kufikiria. Mapigo ya moyo, hatua na usingizi wangu kwenye dashibodi ileile ninayofuatilia logi za seva! Nilikuwa naandika utafutaji usio na maana yoyote, kwa raha tu.

Halafu grafu ikakatika. Saa inapima, programu ya simu inaonyesha kila kitu, jukwaa la logi halipokei hata tukio moja. Na ukurasa wa kiunganishi? Taa ya kijani, "Imeunganishwa". Ninaondoa akaunti, naiunganisha upya, data zinaingia nusu siku hivi, kisha kimya.

Nikafungua tiketi ya msaada kwa wateja, nikaambatisha picha za skrini. Jibu: "Ndugu mteja, mfumo wetu uko sawa. Tafadhali hakikisha umevaa saa yako." Nimevaa saa! Picha niliyowatumia imejaa hatua, nilizitembea kwa mkono mtupu? Kabla sijajibu, tiketi ikafungwa: "Imetatuliwa."

Basi nikachimba mwenyewe. Kosa lilikuwa kwenye logi za ndani za jukwaa hilohilo (ndiyo, kampuni inayouza kazi ya kusoma logi haikusoma zake), namba za makosa za seva, 401, zimepangana mstari kwa mstari. Ingekuwa 429 ningesema naomba data mara nyingi mno, ningesubiri. 401 ni seva kukuambia haikutambui. Tokeni ya OAuth 2.0 (ufunguo wa muda unaoruhusu programu kusoma data zako bila nywila yako) huisha muda, na kiunganishi hutakiwa kuomba nyingine kwa tokeni ya kuhuisha. Kwa saa yangu, tokeni hiyo ya kuhuisha hutumika mara moja tu. Ukiitumia unapewa nyingine pamoja na tokeni mpya. Kiunganishi kilihifadhi tokeni mpya, kikatupa ile mpya ya kuhuisha. Kwa hiyo kuhuisha kwa kwanza kunafaulu, kwa pili kinarudi na tokeni iliyokwishatumika na kufukuzwa mlangoni. Huku taa ikiwaka kijani, kwa sababu inakagua kama tokeni ipo, si kama inafanya kazi.

Nikaongeza mstari mmoja wa msimbo wa kuihifadhi, ukamaliza kazi. Muda nao ulikuwa na vituko vyake: data zinakuja kwa saa za mahali bila kutaja ukanda, jukwaa linazichukulia kuwa UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), kwa hiyo mbio zangu za jioni zilikuwa zinatokea saa ambayo haijafika. Hilo ni la mpangilio tu, nililisamehe.

Nilishaamua kuwapa nyota nne, maana utafutaji wao kwa kweli sijaona mfano wake. Nikawaandikia marekebisho yangu, bure kabisa. "Asante kwa maoni yako." Tiketi ikafungwa. Toleo jipya likaja, likaufuta mstari wangu, 401 zikarudi.

Nyota moja. Jukwaa ninaendelea kulitumia, kiunganishi nimekiondoa, skripti yangu inatuma data moja kwa moja. Sawa, mbili, kwa ajili ya utafutaji. Hapana, moja. Eti hakikisha umevaa saa!