Uzoefu wangu na masoko ya utabiri wa uchaguzi

Kwa uchaguzi mkubwa, nayaamini masoko ya utabiri, ambako watu hununua na kuuza hisa za matokeo, kuliko kura yoyote moja ya maoni. Lakini yaliniumiza kwanza. Usiku wa Brexit, Juni 2016, vituo vinafungwa huku bei ikiipa Uingereza zaidi ya asilimia 80 kubaki Umoja wa Ulaya. Nikalala nikijua yamekwisha. Kuamka, wamepiga kura ya kujitoa. Novemba mwaka huohuo yakajirudia kwa Clinton na Trump.

Nilikuwa sijui kusoma bei. Hisa inayolipa dola 1 mgombea akishinda ikiuzwa senti 80, soko linampa nafasi nne kati ya tano. Ile ya tano ipo, na hutokea. Tangu hapo nina daftari: asubuhi ya uchaguzi naandika bei, baadaye matokeo pembeni. Zilizouzwa senti 70 zikitimia kama saba katika kila kumi, soko limefanya kazi yake.

Ukurasa ninaourudia sana ni wa 2024. Siku tatu kabla ya uchaguzi wa Marekani ilitoka kura ya maoni ya jimbo la Iowa ikimweka Harris mbele kwa pointi 3. Bei ya Trump pale Polymarket, tovuti ya soko la utabiri, ikashuka nikiitazama kwenye simu, kisha ikapanda tena kabla ya siku ya kura. Trump akaichukua Iowa kwa pointi 13. Hapo soko lilishinda wapima maoni. Ila sokoni humohumo Harris ndiye aliyepewa nafasi kubwa ya kupata kura nyingi nchi nzima, na kura hizo akazipata Trump. Anayesema soko lilijua kila kitu hakutazama bei hiyo ya pili.

Soko la utabiri la Chuo Kikuu cha Iowa lipo tangu 1988. Watafiti waliipima bei yake dhidi ya kura za maoni 964 za chaguzi tano za urais. Bei ilikaribia matokeo zaidi katika asilimia 74 ya ulinganisho huo.

Lalamiko langu ni vinyang'anyiro vidogo. Kwenye tovuti moja niliona bei ya jimbo inaruka senti 9 kwa dakika chache, nikanunua nikidhani kuna habari. Habari haikuwepo, mtu mmoja tu alikuwa amenunua kwa wingi. Nilipotaka kuuza, aliyetoa bei nzuri kuliko wote alikuwa senti 11 chini. Siku hizi naangalia kwanza fedha kiasi gani zimezunguka, ndipo naangalia bei.