Playwright na testi za kukubali kazi: uzoefu wangu na timu yetu ya Lamu

Naandika hii manake watu wananiuliza sana inboksi kama Playwright, kile kifaa cha kutesti tovuti kwa kuendesha brauza chenyewe, inafaa kweli ama ni sifa tu za mtandaoni. Sisi tumeitumia hapa Lamu kwenye mfumo wa kubuku vyumba na safari za mashua, wateja wetu ni wenye nyumba za wageni za Shela na Lamu mjini, pamoja na manahodha wanaopeleka wageni. Jibu la haraka ni kwamba inafaa, ichukue bila wasiwasi. Lakini ukijifunza kubonyeza kwake tu na hujajifunza kukaa na mwenye kazi mkakubaliana, utakuwa na testi za kijani tele na mteja bado anapiga simu usiku kulalamika.

Testi za kukubali kazi ninazosema hapa ni zile zinazofungua brauza, zinajaza fomu na kubonyeza vile mgeni angebonyeza, halafu zinakagua kama kile mlichokubaliana na mteja kimetokea. Kikitokea stori (yaani kipande kimoja cha kazi anachotaka mteja) imeisha, kisipotokea haijaisha hata kama kodi yote, yaani maandishi ya programu, imeandikwa na imependeza. Kwa timu inayofanya ajaili, yaani kazi kwa vipande vidogo vidogo, hii ndio nguzo, sababu kila sprinti (kipindi kifupi cha kazi) mnaongeza kitu juu ya vya zamani na hakuna mtu atakayekaa kila mara kujaribu mfumo mzima kwa mkono tangu ukurasa wa kwanza. Wazo lenyewe la zamani, developa Ward Cunningham alitoa kifaa kinaitwa Fit mwaka 2002, mteja anajaza jedwali na mashine inalikagua dhidi ya programu. Selenium, ya kuendesha brauza, ikaanza 2004, aliianzisha Jason Huggins akiwa kampuni ya ThoughtWorks kule Chicago. Playwright ndio mdogo wao, Microsoft waliitoa 2020, na baadhi ya walioijenga walikuwa wameshafanya Puppeteer, kifaa kingine cha kuendesha brauza, wakiwa Google, kwa hivo walijua vizuri wapi panauma.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niamini. Tulikuwa na stori ya safari ya Takwa, yale magofu kisiwani Manda. Ukiisoma kwa macho ya developa ni rahisi, mgeni achague tarehe, achague saa, alipe. Tukaenda kukaa na nahodha kabla ya kuandika kodi yoyote, tukamwambia atupe mifano tu, safari iliyokwenda vizuri na safari iliyokataa. Akasema, "Mwanangu, Takwa kule unapita ndani ya mikoko, maji yakipwa chombo hakifiki, mtakaa kwenye tope na wageni wa watu." Basi kwenye mazungumzo yale yale zikatoka testi: mgeni akichagua saa maji yamejaa anaruhusiwa, akichagua maji yamekupwa anaonyeshwa saa nyingine ya siku hiyo hiyo, na nahodha akibadilisha saa yeye mwenyewe mgeni apate ujumbe kabla hajatoka hotelini. Hiyo ya tatu hakuna mtu kwenye timu angeifikiria. Na unajua maji hayarudi saa ile ile, kila siku yanasogea mbele kama dakika hamsini hivi, kwa hivo testi yenye tarehe ya leo itapita leo na kesho itafeli.

Hapo Playwright ikanifurahisha. Ina kitu kinaitwa page.clock, unaisimamisha saa ya brauza kwenye tarehe unayotaka, kwa hivo testi ya bamvua inabaki siku ya bamvua hata ukiiendesha mwezi ujao. Kumbuka tu ni saa ya brauza peke yake, seva yako haijui habari hiyo, kwa hivo kama hesabu ya maji iko kwenye seva itabidi nayo uipe njia ya kuambiwa leo ni lini. Pia unaweza kuweka lugha na majira ya mahali alipo mgeni, kama Europe/Berlin, kwenye mipangilio, na hili kwetu lina maana kubwa, mgeni aliye Ujerumani anabuku boti ya saa nne asubuhi na lazima aione 10:00 ya Lamu, sio ya kwao.

Maulidi nayo ilitufunza. Mwenye nyumba mmoja wa Shela, mama mtu mzima tunamheshimu sana, alisema siku za Maulidi hakubali mtu wa usiku mmoja. Sawa, lakini Mfungo Sita unafuata mwezi, kila mwaka unarudi nyuma siku kama 11, ukiandika tarehe ndani ya kodi mwaka ujao umemharibia biashara. Tukakubaliana mwenye nyumba ataweka siku mwenyewe, na testi inasema hivo hivo: mama akiziweka siku za Maulidi, mgeni wa usiku mmoja hapati chumba siku hizo na anapata siku nyingine. Majina ya testi tunayaandika kwa Kiswahili, Playwright haina shida, jina ni maandishi tu, kwa hivo ripoti ikitoka mama anaisoma mwenyewe kwenye simu na anajua kipi kimepita. Kwangu hiki ndicho kitu cha thamani kuliko vyote na hakigharimu chochote.

Malipo ndio penye kazi. Ile STK ya M-Pesa, yaani kile kisanduku cha kuomba PIN, inatokea kwenye simu ya mteja, nje ya brauza kabisa, na hakuna kifaa cha kutesti brauza kitakachokuwekea PIN. Tunachofanya, testi inabuku chumba mpaka mahali pa kusubiri malipo, halafu yenyewe inaitumia seva yetu jibu la mfano kama lile linalotoka Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. ResultCode ikiwa 0 pesa imeingia, chumba kishikwe. Ikiwa 1032 mteja amekataa kwenye simu, chumba kirudi kwa wengine na mgeni aelezwe kwa lugha ya kueleweka, asiachwe anaangalia duara linazunguka. Watu wengi wanatesti ile ya 0 peke yake wanalala, na kwenye maisha ya kweli watu wanakataa, simu zinazima chaji, mtandao unakatika, ndio mambo ya kila siku haya.

Kifaa chenyewe sasa. Kubwa zaidi ni kusubiri. Ukitoka kwenye Selenium ya wanaoanza utaona kodi imejaa lala sekunde tatu, lala sekunde tano, na kwa intaneti yetu hapa sekunde tatu zinatosha asubuhi, jioni hazitoshi, kwa hivo testi inafeli bila bagi (kosa la programu) yoyote na watu wanaacha kuiamini. Playwright kabla haijabonyeza kitufe inahakikisha kinaonekana, kimetulia, hakijafunikwa na kitu, na kimewashwa. Na ukiiambia itarajie maandishi fulani inarudia kuangalia mpaka yatokee, kwa kawaida sekunde 5, unaweza kuongeza. Mimi nawaambia vijana watumie getByRole na getByLabel, yaani tafuta kitufe kwa jina analoliona mgeni, achana na zile njia ndefu za kutafuta ndani ya HTML ambazo mtu akihamisha kisanduku kimoja testi ishirini zinaanguka.

Ya pili ni trace, rekodi ya testi. Ukiiwasha kwenye mipangilio, testi ikifeli unapata faili moja, ukiifungua unaona kila hatua, ukurasa ulivyokuwa kabla na baada ya kubonyeza, maombi yote ya mtandao, kila kitu. Sisi mwenzetu mmoja yuko Malindi na mwingine Nairobi, zamani ilikuwa "kwangu inafanya kazi" mpaka mnakosana, saa hizi mtu anatuma faili na mazungumzo yanaanza kwenye ukweli. Kwa timu iliyotawanyika hii peke yake inatosha kuhamia.

Ya tatu WebKit, ile injini ya Safari, brauza ya iPhone. Wageni wengi wa Ulaya wanakuja na iPhone, na hapa kupata Mac ya kutestia ni shughuli. Playwright inakupa Chromium, Firefox na WebKit kwenye laptopu yako ya kawaida ya Windows ama Linux. Sio Safari yenyewe kamili, kwa hivo kabla ya kumkabidhi mteja bado tafuta iPhone ya kweli uguse kwa kidole, lakini mambo mengi yanakamatwa mapema. Cypress, kifaa kingine cha aina hii, ni nzuri na inaeleweka haraka, tatizo inakaa ndani ya brauza na yenyewe bila nyongeza haishiki tabu mbili, na sisi tuna kurasa zinazofungua tabu mpya.

Yasiyonifurahisha yapo. Zile brauza tatu ni mamia ya megabaiti na ukitumia bando utalia, kwa hivo anza na moja, kwa amri ya npx playwright install chromium, nyingine zije ukipata wayafai ya watu. Kwa kawaida inatumia nusu ya kori za prosesa yako kuendesha faili za testi sambamba, kwenye laptopu ya RAM kidogo kila kitu kinaganda, weka workers (idadi ya zinazokwenda pamoja) iwe 1. Na huo usambamba ukikutana na data ya pamoja ni balaa, testi mbili zinagombania chumba kimoja, moja inapita nyingine inafeli na kesho zinabadilishana. Dawa yake kila testi ijitengenezee nyumba yake na mgeni wake kupitia API (mlango wa programu kuongea na seva moja kwa moja) kabla ya kuanza. Retries, yaani kurudia testi iliyofeli, zipo, lakini testi inayopita mara ya pili ina ugonjwa, tafuta ugonjwa.

Kujifunza, maelezo rasmi ni bure na yameandikwa vizuri ila yote Kiingereza. Codegen, iliyomo ndani ya Playwright, inakurekodia unavyobonyeza na kukuandikia kodi, kwa anayeanza ni mwalimu mzuri sana, ila usiiache vile ilivyotoka, haijui nini muhimu kwa mteja wako. Kuna kozi moja ya kulipia nilifanya, amri zote zilifundishwa vizuri na hakuna hata somo moja la kukaa na mteja kutoa mifano, na hilo ndilo gumu.

Kuhusu Cucumber, kifaa kingine ambacho naulizwa karibu kila wiki: ilitoka 2008, aliitengeneza Aslak Hellesøy, na inakuwezesha kuandika makubaliano kwa sentensi za kawaida halafu kodi inakaa nyuma. Kama mteja wako anafungua yale mafaili na kuyahariri, itumie kwa moyo wote. Kama hayafungui, umejiongezea tabaka la kutunza bure. Mama wa Shela hafungui faili lolote, yeye anatuma voisi WhatsApp, "hebu jaribuni mgeni akija na watoto watatu na chumba ni cha wawili", sisi tunaigeuza testi jioni hiyo hiyo na tunamrudishia jina lake alisome kama ndivo alivyomaanisha. Kwa hivo tumebaki na Playwright peke yake.